Mbio za Pumzi za Mwaka wa Nne

Mbio zilifana. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa mjini, sitawataja, wanaokaa vijiweni wakisema hazikufana, na wengine wao hata uwanjani hawakufika. Mimi nilifika. Mimi ni Katibu Msaidizi wa Kamati ya Maandalizi, nilivaa beji, na kila kilichotokea siku ile kilitokea mbele ya macho yangu au kwa mikono yangu mwenyewe.

Wasomaji wa nchi nyingine inabidi niwaeleze kidogo. Sisi tuna Wizara ya Hisani. Zamani tulikuwa na Wizara ya Afya, lakini ilionekana inawadekeza wananchi. Mtu akiumwa kidogo tu anadhani ana haki ya kupata dawa. Siku hizi mtu akiumwa hufanyiwa hisani, na akipona hushukuru kwa maandishi, nakala mbili. Kila wilaya ina mbio zake za hisani. Wenzetu wa bondeni wanakimbilia madawati, wa mlimani wanakimbilia kisima, na sisi kwa miaka minne tunakimbilia mashine ya oksijeni ya wodi namba nne katika hospitali yetu. Ndiyo maana zikaitwa Mbio za Pumzi.

Mashine yenyewe ipo njiani. Mwaka wa kwanza Mheshimiwa Waziri alizindua picha yake. Mwaka wa pili alizindua sanduku ambalo ingekuja nalo kama isingechelewa. Mwaka wa tatu tulifunika jokofu la soda kwa kitambaa cha bendera na hakuna aliyegundua, isipokuwa Mheshimiwa mwenyewe, ambaye alilifungua akachukua moja baridi. Mwaka huu ikaja barua yenye mihuri miwili. Mheshimiwa angependa safari hii aione mashine ikitoa hewa.

Kamati tukakaa siku tatu, na chai. Siku ya tatu Mwenyekiti wetu akaweka kikombe chini.

"Ndugu wajumbe, mbona tunahangaika? Mashine inayotoa hewa si tunayo moja? Ile ya zamani, pale wodini."

Tulipiga makofi mpaka mhudumu akadhani tunaita chai nyingine.

Ni kweli, wodi namba nne ilikuwa na mashine moja ya zamani. Wagonjwa wanne walikuwa wakiitumia kwa zamu, saa moja moja, lakini watatu walikuwa wameshaondoka. Daftari la hospitali lina safu moja tu iliyoandikwa "Walioondoka", inayotumika kwa waliopona na kwa waliofariki pia, na utaratibu huu umetupandisha sana katika takwimu. Aliyebaki na mashine peke yake ni Bi Tunu.

Bi Tunu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika Kiwanda cha Chaki cha Taifa, chumba cha kuchekecha. Chaki zetu zinasifika kwa weupe, na vumbi lake vilevile. Mumewe, Hamduni Kilopa, ni fundi baiskeli, ana kibanda chake nyuma ya posta. Gurudumu moja la ile mashine lilipochomoka, hospitali iliandika barua wizarani kuomba kibali cha kulirudisha. Hamduni hakusubiri kibali. Alilirudishia mwenyewe, akaliviringia ukanda wa tyubu nyekundu, zile za kizamani ambazo hazipatikani tena, akakaza kwa meno. Kamati ililaani kitendo hicho, lakini gurudumu lilizunguka.

Huyu Hamduni ndiye aliyekuja ofisini kwangu kujiandikisha, mtu wa miaka arobaini na minane, na katambuga miguuni.

"Umewahi kukimbia?" nikamuuliza.

"Kila siku. Nampelekea mke wangu uji hospitali. Nikitembea unapoa."

Alichokifuata ni zawadi. Tulikuwa tumetangaza kwamba mshindi atapewa kibali cha kuichukua mashine mpya nyumbani kwake siku tisini kwa ajili ya mgonjwa wake. Zawadi hiyo niliibuni mimi, na haikuwa na hatari yoyote, kwa kuwa mashine mpya ilikuwa njiani.

Wiki moja kabla ya mbio nilikwenda wodini kuipima ile ya zamani, tuishonee kitambaa cha uzinduzi. Hamduni alikuwepo, anamnywesha mkewe uji.

"Baba Zamoyoni," Bi Tunu alikuwa anamwambia, "na magoti hayo utashindana na nani?"

"Na wenye magoti mabovu kuliko yangu. Wapo kibao."

"Ukishinda unanirudisha nyumbani kweli?"

"Nakurudisha. Mashine naiweka pale dirishani, wewe unakaa unawasema wanaopita."

"Wa kuwasema ninao wengi." Ikabidi anyamaze kwanza avute hewa. Kisha akanielekeza kidole. "Nitaanza na huyu. We baba, unapima nini hapo?"

"Takwimu, Mama," nikajibu. Katika nchi yetu ukishasema takwimu hakuna anayekuuliza tena.

*

Siku ya mbio Hamduni alipeleka uji saa kumi na mbili asubuhi, akaenda uwanjani. Sisi tulifika wodini saa moja na gari la wagonjwa, fomu ya kuazima vifaa, na vijana wanne wa Kamati. Kwanza tulipakia jenereta ya hospitali, maana Jumamosi kuanzia saa mbili ni zamu ya mji wetu kukosa umeme na vipaza sauti haviwezi kusema vyenyewe. Halafu tukaja kwenye mashine.

Muuguzi wa zamu, Sista Perpetua, alisimama mlangoni akapanua mikono.

"Hii ina mtu, jamani! Hamuoni?"

"Tunaona, Sista. Ni kwa muda tu. Bila hii anaweza kukaa kiasi gani?"

"Saa moja. Mbili, tukimwomba Mungu sana."

Nikaandika kwenye fomu: *Muuguzi ameafiki saa mbili.* Nikainama, nikaichomoa ukutani kwa uangalifu, nikauviringa waya vizuri usije ukakatika. Bi Tunu alinitazama.

"Baba Zamoyoni anajua?"

"Atafurahi sana akiiona, Mama," nikasema. Nilikuwa nasema kweli kwa kadiri nilivyojua wakati ule.

Vijana wakamkalisha kitako, wakampangia mito mitatu mgongoni, na sisi tukaondoka na king'ora.

*

Mbio zilipangwa kuanza saa mbili kamili. Saa mbili kamili mwakilishi wa wilaya alishika kipaza sauti akatamka "Jiandaeni!", na wakimbiaji mia sita na kumi na wanne wakainama, mguu mmoja mbele, vidole ardhini. Hapo ndipo ikafahamika kwamba Mheshimiwa Waziri bado yuko kwenye kifungua kinywa. Amri ikishatolewa kwa kipaza sauti, haitenguliwi na mtu mwenye cheo kilekile. Anaitengua mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa anakunywa supu. Kwa hiyo wakimbiaji wakabaki wameinama.

Walibaki hivyo saa tatu na nusu. Ilipendeza sana kwa juu, wapiga picha walisema. Saa nne jua lilianza kuwaangusha mmoja mmoja, na kila aliyeanguka alifutwa kwenye orodha kwa kosa la kuanza mapema. Niliwapitia na daftari langu. Hamduni alikuwa mstari wa mbele, jasho linamdondoka puani.

"Katibu, naomba maji."

"Maji ni ya kilomita ya tatu."

"Basi niambie tu, mbio zitaisha saa ngapi? Mke wangu nimemwambia nitarudi saa nne."

"Mama yupo kwenye mikono salama," nikamwambia.

Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Nilikuwa nimeikata sauti kwa heshima ya Mgeni Rasmi. Ilitetemeka mara kumi na moja asubuhi ile, na zote, niliona baadaye, zilikuwa za Sista Perpetua.

Mheshimiwa Waziri wa Hisani, Daktari Injinia Mtengeti Lugoda, aliwasili saa tano na nusu, magari kumi na manne, suti ya michezo yenye chata ya taifa mgongoni. Alishangiliwa. Tulimtambulisha, akawatambulisha aliokuja nao, nao wakawatambulisha waliokuja nao. Kisha akahutubia kwa ufupi, dakika arobaini, juu ya umuhimu wa kutopoteza muda.

"Mimi leo sikuja kutazama," akasema. "Mimi leo nakimbia na nyinyi, wananchi wangu, bega kwa bega!"

Akapanda gari. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa mguu mmoja nje, kiatu kipya kabisa, akauning'iniza juu ya lami. Filimbi ikapulizwa, na Mbio za Pumzi za Mwaka wa Nne zikaanza.

Kanuni ya saba inasema hakuna mshiriki atakayemtangulia Mgeni Rasmi. Gari lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, na nyuma yake wakimbiaji mia tano walibanana, mapua kwenye bomba la moshi, wakiivuta ile hewa nyeusi kwa ajili ya wagonjwa wa mapafu. Mimi nilikuwa nyuma ya pikipiki ya Kamati, pembeni. Hamduni alikuwa amelifikia bampa. Angeweza kupita mara mia. Kila alipochepuka kushoto, Afande Mtipa wa ulinzi alimwekea kirungu kifuani, taratibu, bila chuki.

Kilomita ya pili Mheshimiwa alisimamisha gari asalimie wauza ndizi. Wakimbiaji wakasimama. Afande akawaka.

"Nani kawaambia msimame? Hizi ni mbio! Kimbieni hapohapo!"

Wakakimbia papo hapo, dakika ishirini na tano, magoti juu, huku Mheshimiwa akionja ndizi moja ya kila meza. Afande alipita katikati yao akiangalia kimo cha magoti.

"Wewe mwenye katambuga! Pandisha goti!"

"Afande, mgonjwa wangu ananisubiri."

"Kila mtu ana mgonjwa. Pandisha!"

Akapandisha. Nilimwona anahesabu kitu kwa midomo, sijui hatua, sijui dakika. Wenzake wengi walikaa chini hapo, wakafutwa. Yeye aliendelea, na gari lilipoondoka alikuwa palepale kwenye bampa.

Saa saba na robo kiatu cha Mheshimiwa kilikata utepe. Hatua tatu nyuma yake kikafuata kifua cha Hamduni Kilopa, kisha kwa mbali sana wengine tisini. Hamduni aliinua mikono yote miwili. Sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile, na nimehudhuria tafrija nyingi za serikali.

"Mshindi wetu!" Mwenyekiti akanguruma kwenye kipaza sauti. "Mshindi wetu, kwa mara ya nne mfululizo, ni Mheshimiwa Daktari Injinia Mtengeti Lugodaaa!"

Hamduni alishusha mkono mmoja. Akanijia.

"Katibu. Si siku ya kujiandikisha uliniambia Mgeni Rasmi hashindani, anatuongoza tu?"

"Hashindani," nikamwambia. "Anashinda."

Wakati huo kitambaa kilikuwa kinavutwa. Ile mashine ikatokea, imepigwa rangi ya dhahabu mbele, utepe mwekundu kiunoni, inaunguruma kwa umeme wa jenereta. Mheshimiwa akavaa barakoa ya hewa, akavuta mara tatu, akaivua. "Nimeonja," akasema. "Hewa ni nzuri. Inatosha nchi nzima." Makofi yakalipuka, naye akasogea kwenye kipaza sauti kuanza hotuba kuu.

Hamduni hakupiga makofi. Alikuwa anatazama chini, kwenye magurudumu. Rangi ya dhahabu haikufika huko. Alipiga goti mbele ya jukwaa, watu wakadhani anashukuru, akaushika ule ukanda wa tyubu nyekundu, akaupapasa mahali alipoukaza kwa meno yake. Akaniangalia.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Kwa wafadhili," nikasema.

"Mmeitoa saa ngapi?"

Swali hilo halikuwemo kwenye maswali tuliyojiandaa nayo. Nikasema saa moja.

Aling'oa waya. Akaipandisha ile mashine mgongoni, akaufunga utepe wa uzinduzi kifuani mara mbili, akaondoka nayo. Afande Mtipa alichelewa kumkimbiza kwa sababu aliyekuwa akikimbia hakuwa anamtangulia Mgeni Rasmi, alikuwa anakwenda upande mwingine, na kanuni haikusema lolote kuhusu upande mwingine.

Kutoka uwanjani hadi hospitali ni kilomita mbili na ushei, na nusu yake ni mlima. Nilimfuata na pikipiki nikiwa na fomu ya kurejesha vifaa. Njia nzima watu walikuwa wamejipanga na bendera, wakadhani sehemu tamu ya mbio ndiyo inaanza sasa. "Twende, mzee! Twende!" Wakampigia vigelegele, wakamrushia maua ya plastiki. Yeye alikuwa amejikunja chini ya ule mzigo, katambuga moja imekatika, anakimbia na mguu mmoja mtupu juu ya lami ya saa saba mchana. Nilitazama saa yangu kwa mazoea ya kazi. Kwa mzigo ule na mlima ule, huo ulikuwa mwendo ambao hakuna mtu wa wilaya yetu amewahi kuufikia. Kamati haikuutambua, kwa kuwa njia haikuwa imepimwa rasmi.

*

Alinitangulia kufika wodini, mimi nikiwa bado naegesha pikipiki getini. Niliingia nikamkuta amepiga magoti ukutani, anachomeka waya.

Bi Tunu alikuwa hai. Nasema hivi kwa sababu vijiweni wanasema alikuwa ameshakufa, na huo ni uongo wa kuichafua Kamati. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, midomo imebadilika rangi, na Sista Perpetua anampepea kwa jalada la faili. Saa mbili tulizoandika kwenye fomu alikuwa amezizidisha mara tatu, kwa juhudi zake mwenyewe.

Mashine haikuwaka. Hamduni akauchomoa waya, akauhamishia tundu la pili. Haikuwaka. La tatu.

"Hamduni," Sista akasema, "umeme hakuna. Jenereta wameichukua."

"Nani?"

Sista aligeuka. Alinitazama mimi.

Basi hapo, dirishani ikaingia sauti. Vipaza sauti vyetu ni vizuri, na jenereta ya hospitali ina nguvu sana. Kila neno lilifika safi kabisa. "Ndugu wananchi! Pumzi ni zawadi ya serikali yenu! Hebu tuvute pamoja! Vuteni! Vuteni tena!" Ukasikika uwanja mzima unavuta. Hata mimi nilijikuta nimevuta.

"Umeshinda?" Bi Tunu akauliza. Ilibidi Hamduni amwekee sikio mdomoni.

"Nimeshinda, Mama Zamoyoni."

"Twende nyumbani basi."

"Tunakwenda. Ngoja kidogo tu, nakuwekea dirishani."

Alichukua lile jalada kutoka mikononi mwa Sista akaanza kupepea yeye, kwa nguvu, mkono mmoja uleule, bila kupumzika. Bi Tunu alifariki Mheshimiwa akiwa kwenye orodha ya shukrani, jina la tano kati ya arobaini na mawili. Hamduni aliendelea kupepea mpaka orodha ilipokwisha.

Niliona aibu. Naliandika hili waziwazi kwa sababu najua wakubwa hawasomi taarifa zetu mpaka mwisho. Niliona aibu mpaka fomu ikalowa mkononi, na bado sikuondoka, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa na simu ilikuwa inatetemeka tena. Safari hii nilipokea. Alikuwa Mwenyekiti. Mheshimiwa, kama mshindi, ameomba kibali chake cha siku tisini. Atakwenda na mashine nyumbani, humsaidia baada ya hotuba ndefu.

Nikamweleza Hamduni kwa lugha ya upole kwamba mashine inahitajika, na kwamba kwa sasa, kitaalamu, haitumiki.

Akaliweka jalada kitandani. Kisha akasema, "Chukueni. Ila tyubu ni yangu."

Akakaa sakafuni na vile viganja vyake vyenye grisi, akaanza kuufungua ule ukanda mwekundu, mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Ulipotoka wote akauviringa, akautia mfukoni. Gurudumu likadondoka likabingirika chini ya kitanda, na hakuna kati yetu aliyeinama kulifuata. Tukaibeba mashine mikononi. Pale mlangoni Sista Perpetua alikuwa ameshafungua daftari, anaandika jina la Bi Tunu kwenye safu ya Walioondoka.

Maandalizi ya mwaka wa tano yanaendelea vizuri. Mashine mpya ipo njiani. Ile ya zamani imerudishwa kutoka kwa Mheshimiwa ili izinduliwe tena, lakini haisimami, inalalia upande mmoja, na wapiga picha wamelalamika. Mafundi watatu kutoka wizarani wamepatazama mahali pa gurudumu wakashauri anayeliweza ni fundi yule yule aliyelirudishia. Nimemwandikia Hamduni barua tatu. Hajajibu hata moja.

Lakini nilikuwa namwona. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi anapita mbele ya ofisi yangu akikimbia njia ileile ya hospitali, mwendo uleule wa mtu anayeogopa uji usije ukapoa, na mkononi hana kitu. Akifika getini anageuka, anarudi. Mimi siku hizi nafika kazini saa mbili, akiwa ameshapita.